Nilimwacha Magesa Nikakimbilia Muziki wa Kilatini

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanaume wa miaka sitini na moja, mkazi wa Nyasho hapa Musoma mjini, baba wa watoto watano na mpiga gitaa la solo. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimepiga gitaa mpaka sangara wakahama upande wa pili wa ziwa! Wanaobisha waje waniulize.

Elimu yangu si ndogo. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni nikiwa na miaka arobaini na mmoja, nimekaa dawati moja na binti wa rika la mwanangu. Cheti nimekitundika ukutani, juu ya picha ya harusi. Mke wangu ameshanung'unika mpaka amechoka.

Nayasema haya mjue kwamba anayewaandikia si mjinga. Nilichokifanya nilikifanya na akili zangu zote... Ndiyo maana kinaniuma.

Kuna mtu mmoja hapa duniani ambaye namtafuta aniambie neno moja tu. Mtu huyo yuko hai, ninamwona kila Jumapili. Lakini neno hilo sidhani kama nitalisikia.

Jina lake ni Magesa.

Mimi kwetu ni Suguti. Nikiwa kijana wa miaka kumi na sita, tukilima na ng'ombe, mnyororo wa plau ulinibana vidole viwili vya mkono wa kushoto. Vilipona, lakini vilipona vibaya, vimepinda kama vya mtu anayeomba nauli. Watu walisema huyu hatashika hata jembe. Mimi nikashika gitaa!

Gitaa lenyewe lilitoka kwa mhandisi mmoja mzungu aliyekuja kujenga barabara. Alipomaliza kazi alituachia gitaa la umeme, redio kaseti na boksi la kanda za bluzi na roki. Bluzi, kwa msiojua, ni muziki wa mtu aliyechoka lakini anakataa kulala. Uzi unauvuta kwa kidole mpaka unalia kama mtu aliyefiwa. Niliposikia mara ya kwanza sikula siku mbili. Sawa, nilikula kidogo.

Magesa alikuwa fundi redio, Mzanaki wa Butiama, mtaratibu, mwenye maneno machache. Yeye alipiga gitaa la rizimu, mimi solo. Tukapata mpiga besi, mpiga drams na mwimbaji, tukaanzisha bendi. Harusi, kipaimara, sherehe za kufunga shule, mnada... wapi hatukupiga? Tulikuwaga tukifika Bunda msimu wa pamba, wachuuzi wanafunga meza!

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Bendi yetu ilikuwa na desturi moja. Kabla ya kupiga, magitaa yote alikabidhiwa Magesa. Anakaa juu ya kreti la soda, anatupa mgongo, anainamisha kichwa, anakaza nyuzi moja baada ya nyingine kwa sikio lake tu. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kugusa zile skrubu za kukazia. Akimaliza ananisukumia gitaa kifuani kwa kiganja na kusema, "Haya mkubwa, kaseme."

Miaka thelathini na zaidi, kila tulipopiga! Hata uzi ukikatika nyumbani, nilikuwa naufunga mpya na kuulinganisha na nyuzi zilizobaki, zile alizozikaza yeye.

Na kulikuwa na jambo la pili. Magesa alikataa katakata kuingiza kinanda kwenye bendi. Tarumbeta pia alikataa. Vijana wangapi walikuja na vinanda vyao! Anawasikiliza, anawapa soda, anawaambia asanteni, hatuna nafasi. Mimi nilikuwa namcheka. Nilimwita mzee wa kaseti.

Miaka mitatu hivi iliyopita, mke wangu akashikwa na tamthilia za Kilatini, zile za Amerika ya Kusini zilizoingizwa sauti za Kiswahili. Kila jioni anakaa na akina mama wenzake wanne, wanalia kwa ajili ya msichana fulani mwenye nywele ndefu aliyenyang'anywa mchumba. Mimi sikuwa na habari na huyo msichana. Mimi nilisikia gitaa lililokuwa nyuma ya kilio chake!

Jamani... lile gitaa! Laini, halina haraka, halafu ghafla linakuchoma. Nikajisemea, huu si muziki wa kigeni. Wazee wetu walizicheza bolero na cha-cha-cha kabla sisi hatujazaliwa. Mimi ninao mkononi huu!

Nikaanza kufanya mazoezi mbele ya televisheni. Ajabu ni kwamba kila nilipolipiga gitaa langu pamoja na ile tamthilia, havikuingiliana. Kitu kilikuwa kinakwaruza. Unajua nilisema nini? Nilisema televisheni yangu ni mbovu! Hata kaseti za yule mzungu zilikuwaga hivyohivyo, na siku zote nilisema redio inakimbia. Mtu aliyefaulu fizikia kwa masomo ya jioni!

Nikatunga nyimbo sita za Kilatini. Maneno ya Kihispania nilikuwa nayajua manne, mawili kati ya hayo sikujua maana yake. Mengine nilijaza kwa Kijita, lugha ya kwetu, na nawaambia, yaliingia kama yamezaliwa humo.

Nilipompelekea Magesa, alisikiliza zote sita hapo kwenye kibanda chake cha ufundi, bisibisi mkononi. Akaniambia ni nzuri, tuzipige wote, tuongeze tumba, tutaona. Nilifurahi. Laiti ningeishia hapo!

Nikakutana na bwana mmoja mwenye ukumbi Bunda, tumwite Promota. Kijana msafi, viatu vinang'aa kuliko paji langu la uso. Alinisikia nikipiga peke yangu, akaniambia maneno ambayo mwanaume wa umri wangu hapaswi kuambiwa akiwa na njaa ya sifa. Kwamba mimi ni wa kimataifa. Kwamba ile bendi ya wazee inanivuta nyuma. Kwamba nipande jukwaani peke yangu, jina langu kubwa, na yeye ataleta vijana wa kinanda na tarumbeta.

Je, nilikataa? Nilijidai kufikiria kwa siku moja. Usiku wake nilishajipimia kofia.

Akanipeleka redioni kulitangaza onesho. Mtangazaji akaniuliza kwa nini naiacha bendi. Wasomaji wangu, mdomo huu niliopewa kulia ugali na samaki... Nikasema, hewani, mkoa mzima unasikia:

"Miaka thelathini nimembeba Magesa mgongoni. Nimechoka. Mtu anaogopa hata kinanda!"

Mtangazaji akacheka. Mimi nikacheka zaidi.

Baadaye niliambiwa ilivyokuwa kule kibandani. Magesa alikuwa na redio tano za wateja, zote amezifungua kuzijaribu, zote ziko kwenye stesheni ile. Alinisikia nikimtukana kwa redio tano kwa wakati mmoja. Wateja wakainama. Yeye akazizima moja baada ya nyingine, akaendelea na bisibisi.

Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Ungenichukia. Yeye alikuja nyumbani kwangu.

Ilikuwa asubuhi ya safari ya Bunda. Niko uani napiga pasi shati jekundu. Akamwamkia mke wangu, akasimama pale mlangoni na kreti lake la soda mkononi. Ndiyo, alikuja na kreti!

"Masatu, lete gitaa nilitengeneze," akasema.

"Siku hizi kuna mashine ya kukazia nyuzi, mzee wa kaseti. Unabandika hapa juu, inawaka taa ya kijani, basi."

"Sawa. Ila kabla hujaenda, kuna kitu nikuambie kuhusu hilo gitaa lako."

"Utaniambia nikirudi. Nikiwa staa utanikuta na muda mdogo, panga foleni!"

Alitabasamu kidogo. Akabeba kreti lake, akaondoka. Mke wangu akaniangalia kama anavyomwangaliaga yule mwanaume mbaya wa kwenye tamthilia. Nikamwambia anaunguza maharage.

Bunda tulifika saa nne. Onesho lilikuwa saa tisa mchana, siku ya soko, ukumbi ulishaanza kujaa. Picha yangu nimevaa kofia ilikuwa kwenye kila nguzo, hata kwenye kibanda cha nyama. Nikatembea barabarani polepole ili watu wapate nafasi ya kunitambua.

Tukaanza mazoezi. Mpiga kinanda akagonga, tarumbeta mbili zikaingia, na mimi nikaingia... Mungu wangu! Ilikuwa kama paka wawili kwenye gunia moja! Tukasimama. Tukarudia. Paka walewale.

"Mmepanda juu wote!" nikafoka. "Shukeni!"

Kijana wa kinanda, mpole kabisa, akasema, "Mzee, sisi tuko sawa. Gitaa lako ndilo liko chini. Nyuzi zote sita, nusu sauti chini."

"Mimi nimepiga gitaa hili wewe baba yako hajatoa barua ya posa!"

"Shikamoo mzee, lakini liko chini. Kinanda naweza kukishusha kwa kubonyeza hapa. Tatizo ni hawa wa tarumbeta. Wao wamezoea sauti za kanisani, ukiwahamisha wanapotea."

Wale wa tarumbeta wakaitikia kwa vichwa. Wanapotea kweli.

Basi nikatoa ile mashine. Nikakaza uzi wa kwanza, taa ikawaka kijani. Wa pili, wa tatu, mpaka wa sita. Kijana akasema sasa safi. Na kweli, nilipogusa gitaa tukaingiliana kama ugali na mboga.

Lakini nilipobonyeza nyuzi... zilikuwa ngumu! Nusu sauti tu imeongezeka, lakini kwa vile vidole vyangu viwili ilikuwa kama kubonyeza waya wa fensi. Nikajipa moyo, nikasema ni baridi. Baridi gani, Bunda, mchana?

Saa tisa ukumbi umejaa. Niliingia na shati jekundu, watu wakasimama. Wimbo wa kwanza ukapita, nikauma meno. Wa pili ulikuwa ile bolero yangu kubwa, ambayo katikati yake nauvuta uzi na kuuacha ulie muda mrefu, halafu naingia kuimba.

Nikauvuta. Haukuja. Vidole vikaniteleza, uzi ukatoa mlio wa mlango mbovu. Nikauvuta tena kwa hasira, ukakatika ukanichapa shavuni. Nikaona niokoe jahazi kwa kuimba. Na nyimbo zote nilizitunga kwa gitaa la chini! Sauti ilipofika pale juu ikapasuka kama ya jogoo anayejifunza.

Kwanza walicheka. Halafu mama mmoja wa mbele, mnene, sauti ya sokoni, akasema, "Baba, pole! Rudi Musoma ukapumzike!"

"Magesa yuko wapi?" mwingine akauliza kutoka nyuma.

"Si amechoka kumbeba? Sasa nani kambeba leo?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kumbe redio waliisikia wote! Wimbo wa tatu mkono wa kushoto ukakakamaa kabisa, vidole vimejikunja havifunguki. Nikasimama pale mbele ya watu, gitaa linaning'inia shingoni, napigana na mkono wangu mwenyewe. Vijana wa kinanda na tarumbeta wakaendelea kupiga kwa adabu mpaka mwisho. Promota nilimtafuta kwa macho, nikaona viatu vyake tu vikitokea mlango wa pembeni.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekwenda moja kwa moja kwa Magesa. Sivyo? Mimi nilikaa miezi minane sijakanyaga kwenye kibanda chake! Aibu? Hapana, kiburi. Nilikuwa napita barabara ya nyuma, nazunguka mtaa mzima, mtu mwenye magoti mabovu kama yangu.

Bendi ilikufa. Mpiga besi akaingia kwenye ufugaji wa kuku. Magesa nikasikia amefunga kibanda amerudi kwao Butiama, kitongoji cha Mwitongo, kulima. Nikajisemea ni vizuri, atapumzika. Unaona jinsi mtu anavyojidanganya?

Mkono ulizidi kuvimba, nikaenda kwa mganga wa mazoezi ya viungo. Akavigeuzageuza vile vidole viwili, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia gitaa, miaka thelathini na zaidi. Akanitazama usoni kama anayetaka kujua kama nimekunywa.

"Kwa vidole hivi? Ulikuwaga unapigaje?"

Swali hilo nililala nalo, nikaamka nalo. Nilikuwaga napigaje?

Nilikuwa bado sijapata jibu siku Rebeka, mke wa Magesa, aliponipigia simu. Alinisalimia vizuri, akauliza hali ya watoto, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, mwenzako alianguka mwezi uliopita akitoka shambani. Kiharusi. Yuko hai, lakini hasemi."

Sikumbuki njia ya kwenda Butiama. Nakumbuka nimefika uani, na Magesa amekaa kwenye kiti chini ya paa la jikoni, blanketi magotini, upande wote wa kulia umelala, mdomo umekwenda kando. Aliniangalia. Halafu akaangalia ng'ombe.

Nikapiga magoti, mzee mzima! Nikasema yote. Redio, kinanda, mgongo, kila kitu. Nikalia mpaka kuku wakakimbia. Yeye alikuwa anaangalia ng'ombe.

Rebeka akanivuta mkono, akaniweka kwenye kigoda karibu na jiko, akanipa uji. Ndipo nikamuuliza lile swali lililokuwa linanitafuna: siku ile Magesa alipokuja na kreti, alitaka kuniambia nini kuhusu gitaa langu?

Akashangaa. "Kwani hukujua mpaka leo?"

Akanisimulia. Kwamba mwaka wa pili wa bendi, kwenye harusi moja huko kwetu Suguti, Magesa aliniona nyuma ya jiko la wapishi nimefunga vidole kwa leso, nalia kwa maumivu, halafu nikafuta machozi na kurudi kupiga nikitabasamu. Na kweli siku hiyo naikumbuka! Nilidhani hakuna aliyeniona.

Kuanzia wiki iliyofuata, Magesa akayashusha magitaa yote kwa nusu sauti ili nyuzi zilegee, nisiumie. Lake, langu, na la besi. Mwimbaji akaambiwa, mpiga besi akaambiwa, wote wakaapa kunyamaza. Ndiyo maana hakutaka mwingine aguse zile skrubu. Ndiyo maana alikataa kinanda na tarumbeta, kwa sababu siku moja tu na kinanda ningejua.

"Nilimuuliza kwa nini asikuambie," Rebeka akasema. "Akasema, Masatu akijua anahurumiwa, ataacha kupiga. Na akiacha kupiga, atakufa."

Ndugu zangu... uji ule sikuumaliza.

Mimi ndiye niliyesema nimembeba mgongoni! Mwanaume aliyekaa juu ya kreti miaka yote hiyo ametupa mgongo, na kumbe alitupa mgongo ili nisione anachokifanya!

Sasa huu ni mwaka wa pili naenda Mwitongo kila Jumapili baada ya ibada. Nimechoka, sitawaficha. Magoti yanauma, safari ni ndefu kwa mzee, na ninayekwenda kumwona hasemi. Jumapili za mwanzo aligeuza uso kila nilipokaa. Nikawa nakaa hivyohivyo, tunaangalia ng'ombe wote wawili.

Mwezi uliopita nilibeba gitaa. Nikalikaza kwa ile mashine, taa zote sita kijani, nikaligusa. Magesa akakunja uso kama aliyeonja dawa. Akanyanyua mkono wa kushoto, ule mzima, akaelekeza kidole chini.

Nikashusha. Akaelekeza chini tena. Nikashusha kidogo. Tukaenda hivyo uzi mmoja baada ya mwingine, nusu saa nzima, mpaka alipofumba macho akatulia.

Nawaomba sana, ninyi mnaosoma, hasa wenye vipaji mnaosifiwa. Kabla hujamwacha mtu wa siku zote ukakimbilia jina lako peke yako, mwache kwanza amalize sentensi yake. Mtu akija mlangoni na kreti akasema kuna kitu nikuambie, weka pasi chini! Umsikilize angali na mdomo. Mimi sikuweka pasi chini, na sasa nasubiri neno kutoka kwa mtu asiyeweza kulitamka.

Siku ile baada ya kukaza nyuzi nilimwekea gitaa magotini aliguse. Aliligusa. Halafu akanisukumia kifuani kwa kiganja, vilevile kama zamani, akageuka kuangalia ng'ombe.

Mpaka leo sijui ile ilikuwa msamaha au ni mkono tu uliokumbuka kazi yake. Nilipiga ile bolero mpaka mwisho, na vidole havikuuma.